Maswali ya Wasomaji: Baba Ndani ya Arobaini

Barua za safari hii zimetoka Mbeya, Njombe, Iringa na mpakani Tunduma, na karibu zote zimeandikwa na wanaume. Wengi wanauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mzazi yuko ndani na wanawake wamejaa nyumbani, je, mimi nina kazi gani? Kazi zipo. Kunyonyesha tu ndiko kusikokuhusu.

Mke wangu amejifungua kwa upasuaji, ni mtoto wetu wa kwanza, na keshokutwa wanaruhusiwa. Mama mkwe anatoka Busokelo na atafika wiki ijayo. Mpaka hapo tutakuwa sisi na baba yangu mzazi, ambaye tunaishi naye. Kupika najua ugali tu. Nianzie wapi?
*Baba wa kwanza, Uyole*

Hongera, baba. Anza na maji, jiko litafuata. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20, na aliyepasuliwa asiinue kitu kizito kuliko mwanawe kwa muda wa wiki 6. Jaza mapipa usiku. Chumbani weka ndoo ya lita 5 na kopo juu ya stuli, usawa wa kiuno chake, ili asiiname. Nepi za kitambaa na khanga zilizolowa damu ni zako kufua. Damu ifuliwe kwa maji baridi kwanza. Ukianza na ya moto, inagandia kitambaani.

Kisha angalia choo. Kama ni cha kuchuchumaa, siku za mwanzo kitamtesa. Chukua kiti cha mbao, toboa tundu katikati, kisimamishe juu ya shimo na uhakikishe hakichezi. Na kwa kuwa mnaishi na mzee: katika familia za Kinyakyusa zinazoshika mwiko wa mkamwana kutoonana na baba mkwe, mama hubaki chumbani amebana mkojo mpaka mzee atoke uani. Kibofu kilichojaa huzuia mji wa mimba kujikaza, na damu huongezeka. Ongea na mzee mapema mpange njia, au akae kwa ndugu wiki 2. Wazee wengi huelewa wakiambiwa kwa heshima, tena na mtoto wao wa kiume.

Akitaka kuamka asijinyanyue kwa tumbo. Ageuke ubavu, ashushe miguu, ajisukume kwa mkono, nawe umshike bega, usimvute mikono. Akikohoa au kucheka abane mto mdogo juu ya kidonda. Kila siku atembee kidogo hapo nyumbani, kwani kulala muda mrefu huweza kugandisha damu miguuni. Dawa za maumivu apewe kwa saa zilizoandikwa hata kama bado haumwi. Maumivu yakishapanda ni vigumu kuyashusha. Kidonda kibaki kikavu, bila majivu wala majani. Kitazame kila siku kwenye mwanga wa dirisha: wekundu unaotanuka, usaha, harufu au mshono kuachia, mrudishe hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu chakula, anayenyonyesha anahitaji takriban kalori 500 za ziada kwa siku, yaani mlo mmoja zaidi na kitafunwa. Ugali wako unatosha kuanzia. Pika maharage mengi mara moja, ugawe kwa siku 2. Dagaa wa Ziwa Nyasa, parachichi, mchicha, mayai, na uji wa ulezi wenye maziwa havihitaji fundi. Uji wa pilipili manga hauna ubaya, ila kinacholeta maziwa ni mtoto kunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Chai iwe saa moja baada ya chakula, maana inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Najua kumwambia hivyo mtu wa nchi ya chai ni kama kumtukana, lakini mama aliyepoteza damu anayahitaji madini hayo. Vidonge vya FEFO, vile vya kuongeza damu, aendelee navyo kwa muda alioandikiwa kliniki; usiku wa kuamkaamka vinasahaulika, basi wewe ndiye uwe na saa ya kukumbusha.

Usiku mtoto ataamka kila baada ya saa 2 au 3. Inuka wewe kwanza, mbadilishe nepi, mpeleke kwa mama. Aliyepasuliwa ananyonyesha vizuri zaidi mtoto akiwa chini ya kwapa, miguu ikielekea mgongoni kwa mama, ili asilalie kidonda. Akimaliza, mchukue umcheulishe: mweke begani, kichwa na shingo ukivishika, mpapase mgongo dakika 5 hadi 10, hata asipocheua. Kisha mlaze chali. Ukifanya hivyo kila mara, mama anapata nusu saa ya usingizi kwa kila mzunguko.

Huku kwetu Makete mwezi wa 6 na wa 7 baridi haifai. Wazee wanasema mzazi awekewe jiko la mkaa chumbani usiku kucha. Mkaa ukishakolea hautoi moshi, kuna ubaya gani? Mtoto wetu amezaliwa na kilo 2.3.
*Msomaji, Makete*

Mkaa uliokolea vizuri ndio wa kuogopwa zaidi, kwa sababu unamdanganya mtu. Moshi umekwisha, ila hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi inaendelea kutoka, na haina rangi wala harufu. Inashika damu mahali pa oksijeni. Chumba cha tofali za kuchoma chenye dirisha lililozibwa kwa gunia kinajaa haraka, na anayepumua kwa kasi zaidi, yaani mtoto, ndiye anayeumia wa kwanza. Dalili za mkubwa ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi usio wa kawaida. Watu huziita uchovu wa uzazi, wanalala, na wengine hawaamki. Ukihisi hivyo toeni watu nje kwanza, fungueni mlango, kisha zahanati. Jiko lilale nje. Kuacha mlango wazi kidogo hakutoshi kulifanya salama.

Joto la mtoto wa kilo 2.3 lipo kifuani kwako. Ni njia ya hospitali kwa watoto wadogo, na baba anaifanya vizuri kama mama. Oga, usiwe umevuta sigara wala kunywa pombe. Mvue mtoto abaki na nepi, kofia na soksi. Mweke wima katikati ya kifua chako kitupu, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeukia upande mmoja na kidevu kimeinuka kidogo, pua unaiona. Mfunge kwa khanga, ukingo wa juu ufike chini ya sikio lake, ikaze kiasi kwamba ukisimama hateremki, lakini tumbo lake lisibanwe kwenye kupumua. Vaa sweta yenye vifungo juu yenu wote wawili, kisha blanketi. Kaa umeegemea mito, usilale bapa. Kila mara kaa naye si chini ya saa moja, maana kumtoa na kumrudisha kila dakika kunampoza. Mama ndiye wa kumbeba muda mwingi; wewe unampokea akila, akioga na akilala. Usisinzie naye kwenye kochi. Usingizi ukikuzidi, mrudishie mama aliye macho.

Kumpima huhitaji kipimajoto kila saa. Gusa nyayo, kisha tumbo. Vyote vikiwa na joto, yuko sawa. Nyayo baridi na tumbo lina joto, ameanza kupoa: mweke kifuani, mpeleke kunyonya. Vyote vikiwa baridi, hiyo ni dharura, mbebe kifuani hivyo hivyo mwende kituoni. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 36.5 hadi 37.5.

Kitanda kinaweza kupashwa kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, kisha chupa iondolewe kabla mtoto hajalazwa. Ngozi yake ni nyororo, inaungua upesi kuliko ya mkono wako. Kumwogesha kusubiri angalau saa 24 tangu kuzaliwa, na kwa mtoto mdogo hivi, katika Julai ya Makete, kumfuta kwa kitambaa kunatosha kwa siku kadhaa.

Mama yangu mzazi amekuja kumkanda mke wangu. Maji anayotumia yanatoa mvuke, mke analia. Pia anampa mtoto maji ya sukari kwa kijiko. Namwambiaje mama bila kumvunjia heshima?
*Kijana, Mafinga*

Mwambie wewe, usimwachie mkeo. Mkamwana akikataa inakuwa ugomvi, mtoto wa kiume akikataa inakuwa maelekezo ya kliniki. "Shikamoo mama. Nesi ametuelekeza maji yasizidi joto la kuogea, na mtoto asipewe kitu zaidi ya ziwa mpaka miezi 6. Naomba unisaidie tulifuate hili." Kisha mpe kazi nyingine inayomtunzia nafasi yake: kupika, kumbembeleza mtoto mchana, kumwogesha.

Kukanda kwenyewe, kitambaa cha uvuguvugu mgongoni na miguuni kinampumzisha mzazi. Kinachodhuru ni maji yanayochoma na kugandamiza tumbo. Mji wa mimba unarudi wenyewe, hausukumwi. Kwenye msamba ulioshonwa maji ya moto yanaunguza ngozi iliyokwisha kuvimba. Hapo ni maji safi ya uvuguvugu ya kukalia dakika 10, kisha kukausha kwa kupangusa taratibu. Aliyepasuliwa asikandwe tumbo kabisa.

Maji ya sukari yanajaza tumbo la mtoto, anaacha kunyonya, na ziwa lisilonyonywa linapunguza maziwa. Baada ya wiki mbili mama yako atasema "maziwa ya huyu hayatoshi", na hapo atakuwa anasema kweli. Mkitaka kujua kama yanatosha, hesabuni nepi: kuanzia siku ya 5 au ya 6 mtoto akojoe angalau mara 6 kwa siku. Kupungua uzito kidogo siku za kwanza ni kawaida. Mpaka wiki ya 2 awe amerudi pale alipoanzia.

Nimeajiriwa kiwandani. Likizo ya baba ni siku ngapi?
*Msomaji, Iringa mjini*

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa baba siku zisizopungua 3 zenye malipo, nazo zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mama ana siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kosa la wengi ni kuanza siku ya kwanza, mama bado yuko wodini chini ya wauguzi, na zinaisha siku anayorudi nyumbani. Kama kazini wanakubali, zianze siku ya kuruhusiwa ilimradi hamjavuka ile siku ya 7, na omba mapema sehemu ya likizo yako ya mwaka iungane nazo. Ombi liwe la maandishi kabla hajajifungua.

Naendesha lori, nakaa nje ya nyumba wiki 2 hata 3. Mke wangu ana mtoto wa miezi miwili. Mama zetu wametuonya tusikutane mpaka mtoto aache ziwa, tutambemenda. Ni kweli? Maana mimi ni binadamu.
*Dereva, Tunduma*

Tendo la ndoa haliingii kwenye maziwa, wala halimdhuru mtoto. Baada ya wiki 6, damu ikiwa imekatika, majeraha yamepona na mwenzio mwenyewe yuko tayari, hakuna kizuizi cha afya. Hilo la "yuko tayari" lina uzito kuliko kalenda. Anayenyonyesha hukauka ukeni na huumia. Nendeni polepole, na kilainishi chenye asili ya maji kinauzwa duka la dawa.

Ila wazee walikuwa wanaona kitu. Mtoto aliyeitwa kabemendwa alikuwa kweli amedhoofu, mara nyingi kwa sababu mimba nyingine iliingia, akaachishwa ziwa mapema, akapewa uji mwepesi, akaharisha. Basi dawa yake ni uzazi wa mpango. Mama anayenyonyesha usiku na mchana bila kumpa mtoto kingine, hajaona hedhi, na mtoto hajafika miezi 6, ana kinga nzuri. Kimoja kati ya hivyo vitatu kikikosekana, kinga imeondoka, na yai hutangulia hedhi, kwa hiyo msisubiri kuona siku zake. Kijiti, kitanzi na kondomu vyote vinafaa kwa anayenyonyesha. Tangu kuzaliwa huyu hadi kutafuta mimba nyingine ipite miaka 2.

Sasa hilo la "mimi ni binadamu". Tunakujibu bila kuzunguka. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wa miaka 15 na zaidi yakiwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Hiyo ndiyo barabara yako. Mtu akiambukizwa leo, wiki zinazofuata virusi huwa vingi mno mwilini. Mama akivipata akiwa ananyonyesha, mtoto yuko hatarini kuliko mtoto wa mama aliyejua hali yake zamani na anameza ARV kila siku. Mkeo alipimwa akiwa mjamzito, akaonekana salama, na kila mtu akatulia. Anayeweza kubadilisha majibu hayo ni wewe. Kama umetoka nje hata mara moja, tumia kondomu nyumbani, kapime, kisha mrudie kupima pamoja kwa tarehe atakayowapa mtoa huduma, kwa sababu kipimo cha siku za mwanzo hakioni maambukizi mapya. Ukikutwa navyo, anza dawa siku hiyo na umwambie mkeo apimwe. Kliniki ina dawa ya kumkinga mtoto.

Mke wangu ana wiki ya tatu. Analia kutwa, hali, akiulizwa anasema hamna kitu. Mtoto akilia anamwangalia tu. Majirani wanasema karogwa.
*Mume, Tukuyu*

Machozi ya siku ya 3 hadi ya 10 huwapata wazazi wengi na hukatika yenyewe. Yakivuka wiki 2, huo ni ugonjwa, sonona ya baada ya kujifungua, na unatibika. Mpeleke kituo cha afya wiki hii. Ingia naye ndani useme ulichokiona, kwa kuwa yeye atajibu "sijambo" na watamruhusu. Waombe wampime na wingi wa damu. Upungufu wa damu unamchosha mtu mpaka afanane na mwenye sonona.

Nyumbani mpe usingizi wa mfululizo wa saa 4 au 5 kila usiku. Anyonyeshe saa 2 usiku, kisha mtoto akae nawe chumba kingine, umrudishe akidai ziwa tu. Usimwambie ajikaze, wala usimhesabie wanawake waliozaa saba bila kulia.

Akianza kusikia sauti, kutolala kabisa, kusema mambo yasiyoeleweka, au kusema afadhali yeye au mtoto asiwepo, usimwache peke yake hata dakika moja, na mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Hapo hakuna kusubiri asubuhi wala kuzungukia kwa mganga. Na wewe pia jiangalie. Baba naye hupata sonona, na kwa wanaume mara nyingi hujitokeza kama hasira na pombe.

Tunakaa milimani Ilembo, barabara ikinyesha haipitiki. Nitajuaje hili ni la kukimbilia hospitali usiku na hili ni la kungoja kuche?
*Baba wa watatu, Mbeya vijijini*

Kwa mama usingoje akilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, au akitoa mabonge makubwa, kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu (hata kama presha ilikuwa nzuri alipojifungua, maana kifafa cha mimba kinaweza kuja baada ya kujifungua), homa, uchafu wenye harufu mbaya, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kushindwa kupumua. Kwa mtoto: kukataa ziwa, degedege, kulegea, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika (hesabu dakika nzima akiwa ametulia), mbavu kuingia ndani akipumua, homa au mwili wa baridi, kitovu chekundu chenye usaha, macho ya manjano siku ya kwanza, au manjano kufika viganjani na nyayoni siku yoyote.

Piga 115, namba ya bure ya m-mama, usafiri wa dharura wa wazazi na watoto wachanga. Pamoja na hiyo, kabla ya mvua, patana na mwenye gari mmoja na wa akiba mmoja, bei ijulikane, pesa iwekwe pembeni.

Mkisubiri gari na damu inatoka, mlaze bapa, umfunike. Akojoe. Mtoto awekwe ziwani, kwani kunyonya kunaukaza mji wa mimba. Kama alijifungua kwa njia ya kawaida siku hizi za karibuni, sugua tumbo chini ya kitovu kwa mzunguko mpaka usikie kitu kigumu kama kiazi mviringo, uendelee hata ndani ya gari. Akipata kifafa mlaze ubavu wa kushoto, usimwekee kitu mdomoni.

Cheti cha kuzaliwa mpaka twende wilayani?
*Msomaji, Mbozi*

Hapana. Mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka 5 ulianzia mkoa wa Mbeya mwaka 2013, wakati Mbozi bado iko ndani yake. Cheti kinatolewa bure kwenye kituo cha huduma ya mama na mtoto au ofisi ya mtendaji wa kata. Beba kadi ya kliniki ya mtoto na vitambulisho vyenu, na majina myaandike kwenye karatasi kwa herufi kubwa kabla hamjafika dirishani. Afanye baba siku ya chanjo ya wiki ya 6, wakati mama yuko kwenye foleni ya sindano, na myasome majina herufi kwa herufi kabla hamjaondoka. Siku hiyo kurekebisha ni dakika 5, baadaye ni safari na viapo.